Maisha ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) na Daftari Lake la Watu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake wote.

Amma baad. Waislamu wengi humjua Sayyidna Umar kwa ushujaa wake na uadilifu wake, na kila mtoto wa chuoni amesikia habari ya usiku alipojitwika gunia la unga. Lakini wachache hukumbuka kwamba yeye ndiye wa kwanza katika Uislamu aliyeamrisha watu waandikwe majina yao, kabila kwa kabila na nyumba kwa nyumba, ili haki ya kila mtu imfikie mwenyewe. Kitabu hiki kidogo chaeleza maisha yake kwa upande huo: vipi aliwatafuta wasio na chakula wala makazi, akawahesabu, kisha akawatengenezea mambo yao.

NASABA YAKE NA UJANA WAKE

Yeye ni Umar bin al-Khattab bin Nufail, katika ukoo wa Bani Adi wa kabila la Kureshi. Mama yake ni Hantama binti Hashim wa Bani Makhzum. Alizaliwa Makka yapata miaka 13 baada ya Mwaka wa Ndovu. Alipokuwa kijana alimchungia baba yake ngamia huko Dhajnan, na baba yake alikuwa mtu mkali, akimchosha kwa kazi na kumpiga akipunguza. Hata alipokuwa Khalifa, akipita mahali hapo, huzikumbuka siku hizo na kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Pamoja na uchungaji huo alijifunza jambo lililokuwa adimu kwa Waarabu wa zama hizo, nalo ni kuandika. Wanazuoni wa tarikhi wamepokea kwamba Uislamu ulipokuja, Makureshi waliojua kuandika hawakupita watu 17, na Umar alikuwa mmoja wao. Elimu hiyo ilimfaa yeye, na iliwafaa Waislamu wote baadaye.

KUSILIMU KWAKE NA KUHAMA KWAKE

Alisilimu katika mwaka wa 6 tangu kupewa Utume Mtume wetu (S.A.W.), baada ya kusikia Kurani nyumbani kwa dada yake Fatima. Hapo kwanza alikuwa adui mkubwa wa dini, na kusilimu kwake kukawatia nguvu Waislamu. Ilipokuja amri ya kuhama, alihamia Madina pamoja na wenziwe.

Yafaa msomaji azingatie hali ya Muhajirina siku hizo. Walikuwa watu wenye majumba na mali kwao Makka, wakayaacha yote, wakafika mji wa watu hawana hata pa kuweka ubavu. Mtume (S.A.W.) akawaunganisha udugu na Ansari, nao wakawapokea majumbani mwao na kugawana nao walicho nacho. Wale waliobaki bila ya jamaa wala nyumba walikaa katika Suffa, nayo ni sehemu iliyoezekwa nyuma ya msikiti, wakilala hapo na kusoma hapo, na chakula chao kikitoka kwa Mtume na kwa masahaba wenye uwezo. Mmoja wa watu hao wa Suffa alikuwa Abu Huraira, ambaye mara nyingi njaa ilimwangusha chini mpaka watu wakadhani ana kifafa. Jina lake litarudi tena mbele, nasi msomaji na alishike.

Na katika Madina hiyo hiyo Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha masahaba wamwandikie idadi ya kila aliyetamka Uislamu, wakaandikwa wanaume 1,500, kama alivyopokea Hudhaifa katika Sahihi ya Bukhari. Basi kuwahesabu watu kwa maslaha yao si jambo la kuzuliwa, bali lina asili katika mwendo wa Mtume.

Umar naye alipopata shamba la Khaibar, mali ambayo hakupata kuwa na iliyo bora kuliko hiyo, alimwendea Mtume kutaka shauri, kisha akaliweka wakfu, lisiuzwe wala lisirithiwe, na mapato yake yawaendee mafakiri, na jamaa, na watumwa wanaotaka kujikomboa, na wasafiri, na wageni. Hadithi hiyo ndiyo asili kubwa ya mlango wa wakfu katika vitabu vya fikihi.

KUPATA UKHALIFA, NA MJI WA KUFA

Alipokufa Sayyidna Abu Bakr katika mwaka wa 13 wa Hijra (634), Umar alishika ukhalifa. Katika siku zake Sham, Iraki, Misri na sehemu kubwa ya Uajemi ziliingia mikononi mwa Waislamu, na watu kwa maelfu wakahama majangwani kwao kwenda nchi ngeni.

Waliokaa Madain ya Iraki walidhoofika. Wajumbe walipofika Madina, Umar aliziona rangi zao zimegeuka na miili imekonda. Hakuridhika kuona tu, bali aliwauliza sababu, akajua kwamba hewa ya mahali hapo haikuwafaa. Akaamrisha watafutiwe mahali pengine, na katika mwaka wa 17 (638) ukajengwa mji wa Kufa chini ya Saad bin Abi Wakkas. Watu wakajenga kwanza kwa mafunjo na matete. Moto ukatoka, ukateketeza vibanda vingi, watu wakabaki nje na vilivyowaka. Wakapeleka watu Madina kutaka ruhusa wajenge kwa matofali ya udongo. Umar akawapa ruhusa, lakini kwa sharti kwamba mtu asijenge zaidi ya vyumba vitatu, wala wasishindane kwa majengo marefu. Njia kuu zikapimwa dhiraa 40, zinazofuata dhiraa 30 na 20, na vichochoro dhiraa 7, na kila kabila likapewa kiwanja chake kuuzunguka msikiti. Sharti la vyumba vitatu lilikuwa na hekima: ardhi ni moja, na anayejitanua kupita haja yake humbana mwenziwe.

Mwaka huo huo alipokwenda Umra, wenye visima vya njia ya Makka na Madina walimwomba ruhusa ya kujenga majumba njiani. Akawaruhusu, na akawashurutisha kwamba msafiri ndiye mwenye haki zaidi ya maji na kivuli. Aliweka pia Madina nyumba ya unga, yenye unga, tende, zabibu na vyakula vingine, kwa ajili ya msafiri aliyekatikiwa na masurufu, na njiani baina ya Makka na Madina akaweka vitu vya kumfaa aliyekwama.

MWAKA WA MAJIVU

Katika mwaka wa 18 mvua ilikatika katika Hijazi kwa muda wa miezi tisa. Ardhi ikawa nyeusi, upepo ukirusha mavumbi kama majivu, na kwa hivyo ukaitwa Mwaka wa Ramada, yaani wa majivu. Mabedui wakafiwa na wanyama wao, wakaziacha nchi zao wakaja Madina na wake zao na watoto wao, wakapiga kambi pande zote za mji, huku mpaka Ratij, na huku mpaka kwa Bani Haritha na Baki na Bani Kuraidha. Hawana nyumba, hawana chakula, na wengi wagonjwa.

Umar hakungoja waje mlangoni. Aliweka watu wa kusimamia kila upande wa mji, miongoni mwao Miswar bin Makhrama na Abdallah bin Utba, na kila jioni wakikutana kwake wampe habari ya yote yaliyopita katika upande wao. Masufuria makubwa yaliwekwa motoni tangu kabla ya alfajiri, na watu wakalishwa.

Kisha usiku mmoja, watu walipokwisha kula, aliamrisha wahesabiwe waliokula. Wakahesabiwa, wakawa watu 7,000. Lau angekuwa mtu mwingine, angetosheka na hesabu hiyo. Lakini yeye aliona kwamba anayefika kwenye sufuria ni yule mwenye miguu ya kumfikisha. Akaamrisha wahesabiwe wasiokuja: wagonjwa, na watoto, na watu wa nyumbani waliobaki hemani. Wakahesabiwa, wakawa 40,000! Baada ya siku chache watu wakazidi, akaamrisha hesabu irudiwe, wakawa waliokuja 10,000 na wasiokuja 50,000. Hivyo ndivyo alivyopokea Ibn Saad katika Tabakati yake.

Tazama tofauti ya hesabu mbili hizo. Kwa kila mmoja aliyeonekana walikuwako watano au zaidi wasioonekana. Lau chakula kingepimwa kwa waliofika tu, wengi wangekufa katika mahema na Khalifa akidhani kwamba watu wameshiba.

Aliandika barua kwa maamiri wake wa Sham, Iraki na Misri kutaka msaada. Abu Ubaida akaja na ngamia 4,000 wamebeba vyakula, na misafara mingine ikafuata. Umar mwenyewe alijiharimishia samli na nyama mpaka watu wapate nafuu, akala mafuta ya zeituni hata rangi yake ikageuka ikawa nyeusi. Adhabu ya kukata mkono aliisimamisha mwaka ule kwa dhiki ya watu, na zaka za wanyama akaziakhirisha. Pamoja na hayo yote mauti yaliwaingia watu wa makambini, naye akawatembelea wagonjwa wao, akawapelekea sanda maiti wao, na kuwasalia. Jitihada ya mja haiondoi ajali.

Kisha akatoka na watu kuomba mvua, akamtanguliza Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.), na Mwenyezi Mungu akawanyeshea. Hapo Umar hakuwaacha wageni wale wazagae Madina, wala hakuwafukuza. Aliwawekea watu wa kuwasafirisha, akawapa vyakula na wanyama wa kupanda mpaka makwao, na yeye mwenyewe alionekana akiwatoa. Kwani aliyepotewa na makao hatimizi shida yake kwa sahani ya chakula, illa arudishwe mahali atakapoweza kuishi kwa mkono wake.

KUANDIKWA KWA DAFTARI

Baada ya hayo Abu Huraira, yule aliyekuwa akianguka kwa njaa katika Suffa, alirudi kutoka Bahrain na dirhamu 500,000. Umar hakusadiki, akadhani usingizi umemlevya, akamwambia akalale kisha arudi asubuhi. Asubuhi akarudi na hesabu ile ile. Umar akapanda mimbari, akawataka watu shauri: mali ile igawiwe kwa kupimwa au kwa kuhesabiwa?

Ali akaona kwamba kila mwaka mali yote igawiwe isibakizwe. Uthman akaona kwamba mali imekuwa nyingi, na watu wasipohesabiwa akajulikana aliyepata na asiyepata, mambo yatachafuka. Walid bin Hisham akaeleza kwamba amewaona wafalme wa Sham wana madaftari. Abu Sufyan akachelea kwamba watu watategemea daftari na kuacha biashara. Umar akayasikiliza yote, akachagua daftari, na kauli iliyo mashuhuri ni kwamba ilikuwa mwaka wa 20 (641).

Akawaita Akil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na Jubair bin Mutim, nao walikuwa mafundi wa nasaba za Makureshi, akawaamrisha wawaandike watu kwa daraja za nyumba zao. Wakaanza Bani Hashim, kisha watu wa Abu Bakr, kisha watu wa Umar. Alipoliona daftari alikataa. Akaamrisha waanze kwa jamaa za Mtume, aliye karibu kisha aliye karibu, na Umar awekwe pale alipowekwa na Mwenyezi Mungu. Jamaa zake Bani Adi wakamjia kulalamika, naye akawajibu kwamba wanataka kula kwa mgongo wake na kuharibu thawabu zake.

Waliopigana Badr katika Muhajirina wakaandikiwa dirhamu 5,000 kwa mwaka, na wengine chini ya hapo kwa kadiri ya kutangulia kwao. Usama bin Zaid alimwandikia zaidi ya mwanawe Abdallah, na mwanawe alipouliza, alimjulisha kwamba Usama na baba yake walikuwa wapenzi wa Mtume kuliko yeye na baba yake. Daftari la kabila la Khuzaa alikuwa akilichukua mwenyewe mpaka Kudaid, na kila mwanamke, bikira na mwenye mume, akapokea haki yake kwa mkono wake mwenyewe, isipite kwa mtu. Katika miji ya Iraki wakawekwa maarifu, kila mmoja na fungu lake la watu, wakipokea mali na kuwafikishia watu majumbani mwao.

MTOTO ALIYELIA USIKU

Daftari hilo, pamoja na kheri zake, lilikuwa na tundu, na Umar mwenyewe ndiye aliyeligundua. Hapo mwanzo mtoto mchanga hakuandikwa mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja walifika wafanyabiashara, wakashuka katika uwanja wa kusalia Idi. Umar na Abdurrahman bin Auf wakatoka kuwalinda. Umar akasikia mtoto akilia, akamwendea mama yake akamtaka amwangalie mwanawe. Akarudi mahali pake, mtoto akalia tena, akamwendea tena. Mwisho wa usiku akamlaumu mama yule. Mama, naye hamjui, akamweleza kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu kwa sababu Umar hamwandikii mtoto anyonyaye. Umar akamwuliza umri wake, akajua kwamba ni miezi michache tu.

Akasalisha alfajiri, na watu hawakuweza kuisikia vizuri Kurani kwa wingi wa kilio chake. Alipotoa salamu alijihukumu mwenyewe, akahofu ni watoto wangapi wa Kiislamu aliowaua kwa sharti lile. Pale pale akatangaza watu wasifanye haraka kuwaachisha watoto wao, kwani kila anayezaliwa ataandikwa, na akapeleka barua nchi zote kwa amri hiyo. Mtoto akawa anaandikiwa dirhamu 100 tangu kuzaliwa, na akikua huzidishiwa. Na mtoto wa kuokotwa, asiyejulikana baba wala mama, alihukumu kwamba ni mtu huru na matumizi yake ni juu ya Baitulmali.

Hapo pana mazingatio makubwa. Sharti lililoandikwa kwa nia njema, mbali na macho ya watu, liliwadhuru wale wale liliowekwa kuwafaa. Na halikugunduliwa kwa kukaa na kufunua kurasa, bali kwa kutembea usiku na kuuliza.

KIPIMO CHA POSHO

Alipotaka kuwawekea watu posho ya chakula, hakukisia. Aliamrisha jarib moja la nafaka isagwe, iokwe mikate na kutiwa mafuta, akaita watu 30 wakala chakula cha mchana wakashiba. Jioni akafanya vivyo hivyo. Akajua kwamba jarib moja hushibisha watu 30 kwa mlo mmoja, maana yake humtosha mtu mmoja kwa milo 30. Na kwa kuwa mtu hula mara mbili kwa siku, jarib mbili zamtosha mwezi mzima. Basi akamwandikia kila mtu jarib mbili kwa mwezi, mwanamume na mwanamke, na mtumwa pia.

Wala huruma yake haikukoma kwa Waislamu. Alimwona mzee kipofu akiomba mlangoni mwa watu, akamwuliza, akajua kwamba ni Myahudi, na kinachomwombesha ni jizya na uhitaji na uzee. Akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa kitu, kisha akamwamrisha mtunza Baitulmali amwangalie mtu huyo na walio kama yeye, akawaondolea jizya. Aliona si insafu kula ujana wa mtu kisha kumtupa anapozeeka.

KUFA KWAKE

Katika mwisho wa umri wake aliazimia, kama Mwenyezi Mungu atamweka hai, awazungukie raia zake nchi kwa nchi, akae miezi miwili katika kila nchi, kwani alijua kwamba wana haja zisizomfikia: wao hawawezi kuja kwake, na maamiri hawazipeleki. Imepokewa pia kwamba alinuia kuwasawazisha watu katika vipawa. Na siku chache kabla ya kuuawa, alipokuwa akiwauliza wasimamizi wa Iraki juu ya kodi ya ardhi kama wameitwika nchi isiyoyaweza, alisema kwamba akiishi atawaacha wajane wa Iraki hawamhitajii mtu baada yake.

Hazikupita siku nne akachomwa kisu na Abu Luulua, naye katika sala ya alfajiri, mwezi wa Mfungo Tatu, mwaka wa 23 (644). Kitandani mwa mauti alimwamrisha mwanawe Abdallah ahesabu deni lake, likawa 86,000 au karibu na hapo, akamuusia lilipwe. Mtu aliyegawa hazina za wafalme alikufa anadaiwa! Akazikwa kando ya Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr, kwa idhini ya Bibi Aisha. Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao.

MAFUNZO YA MAISHA HAYA

La kwanza: masikini anayeonekana si masikini wote. Anayebisha hodi apewe, na asiyeweza kubisha atafutwe. La pili: hesabu hurudiwa, kwani hali za watu hugeuka. La tatu: daftari ni amana, na anayeliandika asijitangulize wala asitangulize jamaa zake. La nne: sharti lililomdhuru mnyonge huondolewa siku ile ile, na aliyeliweka asione haya kurudi nyuma. La tano: asiye na makao hapewi chakula tu akaachwa, bali husaidiwa mpaka apate mahali pake.

Miji ya pwani hii, kama Mombasa na Lamu na Unguja, ina wakfu za misikiti na visima na majumba, na asili yake ni lile shamba la Khaibar. Wasimamizi wa wakfu, na maimamu, na wazee wa mitaa wanaokaa barazani baada ya sala, wana mfano mbele yao. Kila mtaa unajua mlango wa tajiri wake. Lakini nani anajua, kwa jina na kwa idadi, mjane aliyetolewa nyumbani kwa kodi, na mgeni anayelala chini ya upenu wa duka, na mgonjwa ambaye hakuonekana msikitini Ijumaa mbili? Zaka hutolewa kila mwaka, na mara nyingi huwaendea wale wale waliozoea kuja. Karatasi moja na kalamu, na watu wawili waaminifu wa kuzunguka na kuuliza kwa adabu bila ya kumfedhehi mtu, hutosha kuanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwafuata wema waliotangulia. Amin.